Sakafu ya Mbao Navakholo: Hesabu Kabla ya Kununua Futi ya Kwanza

Kando ya lami inayotoka Kakamega kupitia Ingotse hadi Navakholo na kuvuka kwenda Musikoma, nyumba za kudumu zinazidi kuinuka. Wengi wanaojenga ni watu waliofanya kazi Nairobi, Kisumu au Eldoret na sasa wanarudi nyumbani. Kuta zikishafika lenta, swali linalozua mjadala mkubwa kati ya mwenye nyumba na fundi ni la sakafu. Aliyewahi kupanga nyumba ya zamani ya Kileleshwa au Kilimani anakumbuka vile vibao vya mbao nyekundu vilivyopangwa mshazari, vinavyong'aa vikipigwa nta, na anataka sakafu kama hiyo kwake Nambacha au Ingotse. Ni haki yake. Ila asiamue kwa kumbukumbu pekee, kwa maana sakafu ya mbao ndiyo bidhaa ya ujenzi ambayo muuzaji anaweza kukupunja kwayo kwa urahisi zaidi kuliko nyingine zote.

Nianze na hesabu. Nitatumia chumba kimoja cha futi 12 kwa 14, ukubwa wa kawaida wa sebule ndogo au chumba kikubwa cha kulala. Hicho ni futi za mraba 168, au mita za mraba 15.6. Nachukulia kwamba slabu ya chini imeshamwagwa. Bei ninazoweka ni za kufanyia hesabu. Wewe ziondoe uweke za siku utakayokwenda sokoni. Vipimo ndivyo visivyobadilika.

Sakafu ya simenti iliyolainishwa na kutiwa rangi nyekundu huhitaji tabaka la juu la unene wa milimita 40. Kwa mchanganyiko wa simenti moja kwa mchanga nne, chumba hiki kitameza mifuko 5 ya kilo 50, na mmoja zaidi wa kulainishia juu. Mfuko ukiwa shilingi 800, hiyo ni 4,800. Mchanga uwe 2,500, unga wa rangi 800, fundi na msaidizi wake 3,000. Jumla ni kama shilingi 11,100.

Ukitaka taili, tabaka la simenti bado unalihitaji chini yake, ingawa bila kulainishwa sana: tuseme 8,500 pamoja na ufundi. Boksi la taili za sentimita 40 kwa 40 lenye vipande 9 hufunika mita za mraba 1.44. Ukiongeza asilimia 10 ya zitakazokatwa na kuvunjika, unanunua maboksi 12. Kwa 1,300 kila moja ni 15,600. Gundi ya taili 2,400, grauti 1,000, fundi 4,700. Jumla 32,200. Taili zinazotengenezwa hapa nchini, kama Twyford za Kajiado, zimeifanya hesabu hii iwezekane kwa mtu wa mshahara wa kawaida.

Lamineti, yaani vibao vya unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa picha ya mti juu yake, huja na gharama zake: tabaka la simenti 8,500, vibao vya milimita 8 mita za mraba 17.2 kwa 1,800 ni karibu 31,000, sponji ya chini 2,500, vibao vya pembeni 4,000, fundi 3,900. Tumefika 50,000.

Sasa mbao zenyewe. Ubao wa sita kwa moja ukishapigwa randa na kuchongwa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, unabaki na uso wa inchi tano na robo hivi. Kwa hiyo chumba cha futi za mraba 168 kinahitaji futi 384 za ubao, na ukiongeza asilimia 10 ya kukatwa, ni kama futi 420. Shika namba hiyo vizuri. Fundi akikwambia futi 336 zinatosha, amehesabu upana wa inchi 6 kamili na kusahau randa, ulimi na vipande, na utarudi sokoni kununua mbao za mti mwingine zenye rangi nyingine.

Juu ya mbao kuna gharama ambazo hazitegemei aina ya mti: kupiga randa na kuchonga ulimi, shilingi 15 kwa futi, ni 6,300, mbao za chini za mbili kwa mbili zikipangwa kila inchi 16, futi 140, ni 3,500, karatasi ya nailoni nzito ya kuzuia unyevu 1,500, dawa ya mchwa 2,000, misumari 1,500, msasa na vanishi 8,000, ufundi 10,000. Hizo ni 32,800 kabla ya kununua ubao mmoja wa juu. Mkaratusi ukiwa shilingi 60 kwa futi, chumba kinakugharimu 58,000. Mahogani kwa 180, ni 108,400. Mvule kwa 200, ni 116,800.

Kwa pesa ya chumba kimoja cha mvule, basi, unaweza kutia simenti nyekundu vyumba kumi na ubaki na chenji. Anayejenga vyumba vitatu na ana karo ya kulipa Januari asione haya kuishia hapo. Simenti iliyolainishwa vizuri ni sakafu kamili. Na kwa aliye bado kwenye sakafu ya udongo, inayosiribwa kwa samadi ya ng'ombe kila wiki kwa mikono ya akina mama, kuhamia kwenye simenti ndiko kuna faida kuliko hatua nyingine yoyote. Huko Mexico, mpango wa Piso Firme ulioanza katika jimbo la Coahuila mwaka wa 2000 uliwapa watu simenti ya kufunikia sakafu za udongo. Watafiti walipokwenda kupima baadaye waliona kwamba nyumba iliyobadilisha sakafu yote ilipunguza maambukizi ya vimelea kwa watoto kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Hakuna mvule wala mahogani inayokuletea faida kama hiyo. Familia yenye vyumba viwili vya udongo na pesa ya kupamba kimoja itie simenti vyote viwili.

Lakini mwaka mmoja hautoshi kuipima sakafu. Tuchukue miaka 40, umri ambao mtu anayejenga nyumba ya uzeeni hufikiria kuwaachia watoto. Ubao wa mvule wa inchi moja, ukibaki na milimita 20 baada ya randa, unaweza kukwanguliwa kwa msasa na kupakwa vanishi upya mara tatu au nne. Weka 18,000 kila miaka kumi kwa msasa, vanishi na ufundi, mara tatu, ni 54,000. Pamoja na gharama ya kwanza ni 170,800. Lamineti haikwanguliki; picha ya juu ikishachubuka kilichobaki ni unga wa mbao. Ukiing'oa na kuibadilisha kila miaka 12, bila kurudia tabaka la simenti, ni kama 41,400 mara tatu. Kwa miaka hiyo 40 utakuwa umelipa zaidi ya 174,000. Kitu kilichonunuliwa kwa sababu ni nusu bei kimeishia kukugharimu zaidi ya mvule wa kweli, na mwishoni huna cha kurithisha. Kwa hiyo mimi lamineti naiondoa kabisa kwenye orodha ya nyumba ya kijijini. Chaguo liwe kati ya simenti, taili na mbao halisi.

Na kuna sababu nyingine ya kuiondoa: maji. Sisi husafisha nyumba kwa ndoo. Kila asubuhi mtu anapiga deki, na mvua zikianza Machi matope yanaingia na kila mguu. Kakamega ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Kenya. Miezi mikavu kabisa ni michache. Lamineti ikiingiwa na maji kwenye viungo huvimba na haishuki tena. Mbao halisi huvumilia kidogo, lakini nayo haitaki ndoo. Inataka ufagio laini na kitambaa kilichokamuliwa. Kabla hujaweka mbao, kaa chini na wote wanaosafisha nyumba yenu mkubaliane kuhusu hilo. Sebule ya Navakholo ina kazi nyingine pia: hapo ndipo wakwe wanapoketishwa, na wakati wa msiba watu wanaingia na kutoka siku kadhaa na viatu vyao, viti vya plastiki vikiburutwa huku na huko. Sakafu ya mbao haiwezi kukufanya uwazuie watu hao mlangoni. Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba mbao ziende chumba cha kulala, au ghorofani kwa aliyejenga ghorofa, na sebule ipewe taili au simenti nyekundu. Jikoni na bafuni, mbao zisikanyage kabisa.

Tuseme sasa umeshaamua, na unataka mbao za chumba cha kulala. Unaingia yadi Kakamega mjini au Bungoma. Nne utakazoonyeshwa zina tabia tofauti sana.

Mvule ni mbao ya kahawia ya dhahabu, uzito wa karibu kilo 650 kwa mita ya ujazo ikikauka. Moyo wake una kinga ya asili dhidi ya mchwa, jambo kubwa sana katika nchi yetu ya vichuguu na kumbikumbi. Haipindi sana ikikauka. Ubaya wake ni kwamba vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo anayeipiga msasa avae barakoa, na ndani ya mti mara nyingine kuna vigumba vya chokaa vigumu kama jiwe vinavyoharibu makali ya randa. Mwenye karakana akidai nyongeza kwa sababu hiyo, ana sababu ya kweli.

Mahogani ya Afrika, mkangazi kwa jina letu, ni nyepesi kidogo na laini kidogo, nyekundu ya kupendeza. Mchwa na dumuzi huishambulia kuliko mvule, hasa ile sehemu nyeupe ya nje, kwa hiyo dawa ni lazima. Tangu kikao cha CITES kilichofanyika Panama Novemba 2022, mikangazi ya jamii ya Khaya ya Afrika iko kwenye Orodha ya Pili, na sheria hiyo ilianza kutumika Februari 2023. Maana yake ni kwamba mbao zake zikivuka mpaka lazima ziwe na hati. Sehemu kubwa ya mahogani na mvule inayouzwa Kenya hutoka mashariki mwa Kongo, Ituri na Kivu, ikipitia Uganda hadi Busia na Malaba. Muulize muuzaji hati zake na kibali cha kusafirishia mbao kutoka kwa Huduma ya Misitu. Akikwepa swali, si maadili pekee yaliyo hatarini: mbao zilizosafirishwa usiku kwa haraka mara nyingi ni mbichi, na kinachokuja baada ya hapo nitakieleza hivi punde.

Ipo pia ile inayouzwa kwa jina la Elgon tiki. Hiyo ni jamii ya mzeituni, nzito kupita kiasi, karibu kilo 970 kwa mita ya ujazo, na ndiyo iliyodumu katika sakafu nyingi za zamani. Inamea Msitu wa Kakamega, ambao ni msitu wa mvua wa pekee uliobaki Kenya wa aina ya ile ya Kongo. Huko haikatwi. Ukiambiwa mbao zimetoka "hapa hapa msituni", ondoka.

Mwisho ni mkaratusi, ambao tunao kila shamba. Wengi huudharau kuwa ni mti wa nguzo na kuni tu. Lakini mkaratusi aina ya saligna tunaoupanda ni ule ule ambao Australia, kwao ulikotoka, hupangwa sakafuni na kuthaminiwa. Tofauti ni mbili: wao hukata mti uliokomaa, na hukausha mbao kwenye tanuri. Sisi tunakata ukiwa na miaka minane au kumi na kupigilia ubao ukiwa bado unatoa maji. Baada ya miezi sita umepinda, umepasuka mwishoni na misumari imechomoza. Mkaratusi wa miaka 25 uliokaushwa polepole unaweza kukupa sakafu imara kwa nusu ya bei ya mvule. Wa miaka minane haukupi.

Ndivyo tunavyofika kwenye jambo ambalo naona lina uzito kuliko aina ya mti. Ni ukavu. Ubao uliopasuliwa wiki iliyopita una maji mengi ndani yake. Ubao wa sakafu unatakiwa uwe na unyevu wa asilimia 12 hadi 14 tu. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba ubao wa inchi moja unahitaji karibu mwaka mmoja wa kukauka kwa hewa, chini ya paa, ukiwa umepangwa na vijiti vya kutenganisha ili upepo upite. Kila muuzaji atakwambia, "Hii imekauka, mama, tazama mwenyewe." Kutazama hakutoshi. Omba kipande cha shibiri moja kilichokatwa katikati ya ubao, si mwishoni, kwa kuwa mwisho hukauka mapema. Kipime kwenye mizani ya duka, ile ya kupimia sukari. Kisha kiweke kwenye oveni au karibu na jiko la mkaa pasipo kukiunguza, ukikipima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito usishuke tena. Kama kilikuwa gramu 500 na kimekuwa 430, kimepoteza 70. Gawanya 70 kwa 430 upate asilimia 16. Ubao huo unahitaji miezi zaidi. Kikishuka hadi 350, mzigo huo una unyevu wa asilimia 43, na hao ni wauza maji.

Nyumbani, mbao zikishafika, zipangwe ndani ya chumba chenyewe wiki mbili kabla ya kupigiliwa, madirisha yakiwa yameshatiwa vioo. Slabu nayo ipimwe. Kata kipande cha nailoni cha futi mbili kwa mbili, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne jioni, ukifungue kesho yake jioni. Ukikuta matone chini yake au simenti imekuwa nyeusi, slabu haijakauka. Simenti huhitaji karibu mwezi kwa kila inchi ya unene, na msimu wa mvua hata zaidi. Fundi anayetaka kupigilia mbao wiki mbili baada ya kumwaga slabu anataka kulipwa aende nyumba nyingine. Na ukutani pande zote iachwe nafasi ya milimita 10 hivi, ifichwe na ubao wa pembeni, kwa kuwa mbao hutanuka Aprili na kunywea Januari. Isipoachwa, sakafu itainuka katikati.

Nimeona watu wakikata gharama mahali pasipofaa. Wanabaki na mvule lakini wanaacha nailoni, wanaacha dawa, wananunua mbao mbichi kwa sababu ni rahisi kwa shilingi 30 kwa futi. Kwa futi 420 wameokoa 12,600 na kuhatarisha 104,200 nyingine. Ukipungukiwa, punguza vyumba. Weka mbao chumba kimoja mwaka huu, kingine kipate simenti na kisubiri.

Neno la mwisho ni kwa mwenye mvule shambani, na Navakholo bado wapo, kwenye mipaka ya mashamba na makaburi ya wazee. Mara nyingi dalali huja akaununua mti ukiwa umesimama, kwa bei ya haraka, wakati wa karo au wa matanga, na mwaka ukiisha mwenye shamba yuko Kakamega akinunua mbao kwa futi. Fanya hesabu hii kwanza. Gogo la urefu wa mita 4 na kipenyo cha sentimita 60 lina mita za ujazo 1.13. Msumeno wa mnyororo hupoteza zaidi ya nusu kwa unga na mabanzi. Chukua asilimia 40 inayobaki, utapata futi 380 hivi za sita kwa moja, karibu chumba kizima cha hesabu yetu. Kwa shilingi 200 kwa futi, gogo hilo moja ni shilingi 76,000, na mti mzima una zaidi ya gogo moja. Basi kama huna haja ya kuukata, uache usimame. Kama unayo, tafuta kibali kwanza, lipa mpasuaji kwa futi badala ya kumuuzia mti, panga mbao zako bandani kwa vijiti mwaka mzima, kisha ndipo uite fundi wa sakafu.